Saa za Mtoto wa Miaka Kumi

Shule zikifungwa Desemba, mtoto wa chekechea hasumbui mtu. Atachezea makopo, atatazama katuni, mchana atalala. Wa sekondari naye ana simu, ana marafiki, ana mambo yake. Anayekosa mahali ni wa katikati, mwenye miaka minane hadi kumi na miwili. Anajua kusoma lakini hajawa msomaji. Ana nguvu za kukimbia kutwa, na mtaa hauna kiwanja. Anauliza maswali mazito kuhusu kifo, fedha na Mungu, kisha anaambiwa akikua ataelewa. Vitabu vya picha vimeshamchosha, na riwaya za wakubwa zina mambo yasiyo ya umri wake. Waandishi, watengenezaji wa filamu na hata wazazi wa Afrika Mashariki wamemfikiria mtoto huyu kidogo kuliko wengine wote, ilhali yuko katika miaka ambayo mazoea mengi ya maisha huanza kuota mizizi.

Jibu la haraka la familia nyingi za mjini ni tuisheni. Shule inafungwa Ijumaa, Jumatatu mtoto amerudi darasani, pengine kwa mwalimu yuleyule, kwa ada nyingine. Kenya imeliona hilo na kulitungia sheria: kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinakataza masomo ya likizo, na anayekiuka anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi laki moja au kufungwa hadi mwaka mmoja. Tanzania nayo viongozi wa elimu wamekemea mtindo huo. Juu ya sheria za nchi kuna Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989, ambao kifungu chake cha 31 kinampa mtoto haki ya kupumzika na kucheza, na Mkataba wa Afrika wa 1990 ukasema vivyo hivyo katika kifungu cha 12. Tuisheni imeendelea hata hivyo, kwa sababu wanaoilipia ni wazazi wenyewe, na wanaogopa.

Hofu yao ina msingi. Tathmini ya Uwezo, iliyoanzishwa mwaka 2009 kuwapima watoto wa Kenya, Tanzania na Uganda majumbani mwao, ilitoa matokeo ya kusikitisha. Ripoti ya Kenya ya 2011 ilionyesha kuwa ni watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu walioweza kazi ya darasa la pili. Mzazi anayesikia hayo hawezi kulaumiwa kwa kutafuta masomo zaidi. Linalohitaji kuchunguzwa ni kama masomo zaidi ya aina ileile ndiyo dawa ya mtoto aliyeyakosa mara ya kwanza.

Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Jeanne Chall, aliipanga safari ya kusoma kwa hatua katika kitabu alichokitoa mwaka 1983. Miaka ya mwanzo mtoto hujifunza kusoma: herufi, silabi, neno, sentensi. Kuanzia miaka tisa hivi mambo hugeuka, sasa husoma ili ajifunze. Chall na wenzake waliwafuatilia watoto wa familia zenye kipato kidogo nchini Marekani, wakagundua kuwa wengi waliokuwa wakienda sawa na wenzao hadi darasa la tatu walianza kurudi nyuma kuanzia la nne. Kilichowaangusha kwanza ni maana za maneno ambayo hayatumiki katika mazungumzo ya kila siku na hupatikana zaidi vitabuni.

Huku kwetu hatua hiyo ina mzigo wa ziada. Kenya hubadilisha lugha ya kufundishia kuwa Kiingereza kuanzia darasa la nne, yaani katika umri uleule ambao Chall aliuona kuwa wa hatari. Katika shule za umma za Tanzania mtoto huendelea na Kiswahili hadi amalize elimu ya msingi, kisha hukutana na Kiingereza kwa mkupuo akiingia sekondari. Kwa namna yoyote ile, mtoto anayevuka bila akiba ya maneno huvuka akiwa uchi. Akiba hiyo haipatikani kwa kunakili maswali ya mitihani iliyopita. Hupatikana kwa kusoma kwingi, na kusoma kwingi hutaka raha.

Richard Allington na Anne McGill-Franzen walilipima jambo hili Florida. Kabla ya kila likizo ndefu, kwa miaka mitatu mfululizo, watoto wa shule zenye familia maskini waliruhusiwa kuchagua vitabu 12 na kwenda navyo nyumbani viwe mali yao. Hawakupewa mtihani, na hakuna mwalimu aliyewafuata. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba walisoma vizuri kuliko wenzao wasiopewa vitabu, na nafuu waliyoipata ilikaribiana na ile ya watoto wanaopelekwa kwenye masomo ya likizo. Waliotoka katika umaskini mkubwa zaidi ndio waliofaidika zaidi. Wengi hawakuchagua vitabu ambavyo mwalimu angewachagulia. Walibeba habari za wanamuziki na wahusika wa televisheni. Wakavisoma.

Hapo ndipo penye kiini cha suala zima la mtoto wa umri huu, iwe ni vitabu, filamu, likizo, kujitolea au afya. Ameanza kuwa na mapenzi yake na chuki zake, na lolote analolifanya kwa hiari hudumu naye kuliko lile analosukumiwa. Kazi ya mtu mzima ni kumwekea mbele yake vitu vyema vya kutosha, kumwekea mipaka ya usalama, kisha kumwachia achague. Tatizo la Afrika Mashariki ni kwamba mara nyingi hatuna cha kumwekea.

Tuanze na vitabu. Kiswahili kilikuwa na fasihi ya umri huu mapema. Mwaka 1929 Frederick Johnson alitoa tafsiri za Kisiwa Chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, na vizazi vya wanafunzi vikakua navyo. Mwaka 1940 mmisionari E. V. St. Lo Conan Davies alitafsiri kisa cha Alice kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu, na michoro ikamgeuza Elisi kuwa binti wa Kiafrika. Mwaka 2015 Ida Hadjivayanis akakitafsiri upya, kwa Kiswahili cha leo kinachosomeka kwa sauti mbele ya watoto bila kujikwaa. Mkuki na Nyota, kampuni ya Walter Bgoya ya Dar es Salaam, imetoa Mwana Mdogo wa Mfalme. Shaaban Robert mwenyewe, katika Adili na Nduguze ya 1952, aliacha hadithi ya majini, nyani na safari za bahari ambayo mtoto wa miaka kumi na mmoja anaweza kuifuata akisomewa na mkubwa anayejua kusimama palipo na neno gumu.

Kwa watoto wadogo hali iliboreka baada ya Mradi wa Vitabu vya Watoto kuanzishwa Tanzania mwaka 1991. Mradi huo uliwafundisha waandishi na wachoraji, kisha ukawa unanunua sehemu kubwa ya nakala na kuzipeleka shuleni, hivyo mchapishaji hakuogopa hasara. Ni mpango wa busara ambao unastahili kurudiwa. Lakini vingi vya vitabu vilivyoizoesha nchi kusoma vilikuwa vyembamba, vya picha nyingi na maneno machache. Mtoto wa darasa la tano anavimaliza kimoja baada ya kingine kabla ya jua kuzama, kisha anauliza cha kufuata.

Cha kufuata ndicho hakipo. Wasomaji wa umri huu duniani kote hupenda mfululizo: wakishampenda mhusika, wanataka kumwona tena na tena akiingia matatani na kutoka. Afrika Mashariki iliwahi kuwa na mfano bora. Barbara Kimenye alianza kuandika visa vya Moses mwishoni mwa miaka ya 1960, kijana mtundu wa shule ya bweni nchini Uganda, na vitabu hivyo vikasomwa Kampala, Nairobi na kwingineko hadi majalada yakachanika. Viliandikwa kwa Kiingereza. Mwenzake wa Kiswahili, mwenye vitabu kumi na zaidi vya mhusika mmoja anayefahamika kutoka Mombasa hadi Mbeya, bado anasubiriwa. Ken Walibora, aliyefariki Nairobi mwaka 2020, alikaribia kwa Ndoto ya Amerika, kisa cha ujana chenye vituko na maumivu ya kweli. Wangehitajika waandishi wengi wa namna yake.

Sababu moja ya uhaba huo ni soko. Mnunuzi mkubwa wa kitabu cha mtoto ni shule, na shule hununua kilichoidhinishwa na taasisi ya mitaala. Mwandishi basi huandika akimwazia mkaguzi, na hadithi hubeba funzo tangu ukurasa wa kwanza: mtoro anapata ajali, mtiifu anapata zawadi. Mtoto wa miaka kumi hulinusa funzo hilo mbali. Abunuwasi amependwa karne kwa karne na watoto wa pwani kwa sababu ni mjanja, mwongo wakati mwingine, na mara nyingi anamshinda mwenye nguvu. Hadithi inayomwachia msomaji mdogo aamue mwenyewe nani alikosea inamheshimu zaidi.

Maktaba zingeweza kupunguza tatizo la bei. Maktaba Kuu ya Dar es Salaam, ambayo Mwalimu Nyerere aliifungua Desemba 1967, ina sehemu ya watoto. Kaskazini mashariki mwa Kenya, huduma ya maktaba ya taifa imekuwa ikibebesha ngamia vitabu tangu 1996 kuwafikia watoto wa wafugaji wa Garissa. Nairobi, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha Book Bunk mwaka 2017, wakaanza kuyafufua majengo matatu ya umma: McMillan katikati ya mji, na matawi ya Kaloleni na Makadara, mitaa ambayo mtoto hufika kwa miguu. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana. Maktaba inayohitaji nauli na mtu mzima wa kumpeleka haimsaidii sana mtoto wa miaka kumi, kwa kuwa hatakwenda kila anapotaka.

Filamu zimemfikia mtoto huyu kwa urahisi zaidi kuliko vitabu, ingawa kwa njia ambazo wazazi wengi hawazijui vizuri. Mitaani Tanzania kuna vibanda umiza: mabenchi ya mbao, televisheni, kiingilio kidogo, mpira usiku na filamu mchana. Filamu za mapigano za Hong Kong, India na Marekani huoneshwa humo zikiwa na sauti ya mtafsiri juu yake. Lufufu alijipatia jina Tanzania kwa kazi hiyo, na DJ Afro akawa maarufu Kenya. Watafsiri hawa walielewa kitu ambacho mashirika makubwa yalichelewa kukiona: mtoto anataka filamu izungumze naye kwa lugha ya mtaani kwake. Ubaya ni kwamba kibandani hakuna anayeuliza umri. Bodi ya uainishaji wa filamu ya Kenya hupanga filamu kuanzia zile za watazamaji wote hadi za miaka 18, na Tanzania ina bodi yake, lakini alama ya bodi haifiki kwenye benchi la mbao, wala kwenye simu ya mama inayoazimwa jioni.

Kilicho kizuri kipo, na kinaongezeka. Ubongo Kids, katuni iliyotengenezwa Dar es Salaam, ilianza kurushwa na TBC mwaka 2014. Hufundisha hesabu na sayansi kwa visa na nyimbo, na tangu mwanzo iliwapa watazamaji maswali ya kujibu kwa ujumbe wa simu ya kawaida, isiyo na intaneti. Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi na kuanza kuoneshwa mwaka 2010, ilichukua rangi na mtindo wa uchoraji wa Edward Saidi Tingatinga na kuufanya uende, ingawa hiyo inawafaa zaidi walio chini ya miaka minane.

Kwa umri unaozungumziwa hapa, filamu moja ya Kenya inapita nyingine zote. Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyotoka mwaka 2018, inamhusu Jo, msichana wa miaka tisa mwenye ugonjwa usiopona anayependa filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Dada yake anawashawishi wanakijiji wote wamfanye aamini kwamba naye ana nguvu hizo. Watu wazima wengi wangesita kumwonesha mtoto filamu ambayo mhusika wake wa umri huo anakaribia kufa. Kusita huko kunaeleweka, lakini mtoto wa miaka kumi ameshahudhuria misiba, ameshamwona mtu akishushwa kaburini, na hakuna aliyemweleza kitu. Filamu hiyo inampa mahali pa kuanzia kuuliza. Inachohitaji ni mkubwa atakayeketi naye hadi mwisho na asikimbilie kuzima televisheni.

Njia nyingine yenye faida ni kuoanisha filamu na kitabu. Malkia wa mchezo wa sataranji kutoka Katwe, Uganda, Phiona Mutesi, aliandikiwa kitabu na Tim Crothers mwaka 2012, na Mira Nair akakitengenezea filamu mwaka 2016 akiwa na Lupita Nyong'o. Hadithi ya William Kamkwamba wa Malawi inafaa hata zaidi. Njaa ya 2001 na 2002 iliifanya familia yake ishindwe kumlipia ada. Alipokuwa nje ya shule akaenda kwenye maktaba ndogo ya shule ya msingi ya Wimbe, akakuta kitabu cha Kiingereza kuhusu nishati chenye picha ya mitambo ya upepo, na kwa vipande vya baiskeli, mabomba na magogo akajenga wa kwake akiwa na miaka 14. Kisa chake kimetolewa kama kitabu cha watu wazima mwaka 2009, cha picha kwa wadogo, toleo la vijana, na filamu ya Chiwetel Ejiofor ya 2019. Mtoto anaweza kuanza na lolote kati ya hayo. Kinachoumiza ni kwamba mtoto wa Kiswahili huenda akalazimika kuanza kwa lugha nyingine.

Likizo yenyewe kwa familia nyingi bado ina maana moja: kijijini. Mabasi ya Moshi mwezi Desemba hujaa wiki kadhaa kabla, na Wakenya wa Nairobi huenda ushago. Ni desturi yenye thamani kubwa kuliko ziara yoyote ya kulipia. Huko mtoto hukutana na binamu, husikia lugha ya bibi, hutumwa kisimani na kupotea njia kidogo, na hukaa saa nyingi bila mtu mzima kumwelekeza la kufanya. Watafiti wa malezi katika nchi tajiri wamekuwa wakililia hicho hasa, uhuru wa kucheza bila kusimamiwa, na huku bado upo kwa mtoto mwenye kwao pa kwenda.

Uhuru huo una masharti ya kiafya ambayo mara nyingi husahaulika wakati wa kufunga mabegi. Mtoto aliyekulia Nairobi au Arusha mjini hana kinga ya malaria kama ya binamu yake wa Kisumu au Tanga, kwa hiyo chandarua kisafiri naye, na homa yoyote ipimwe, hata akiwa amesharudi mjini. Pembezoni mwa Ziwa Victoria konokono wa majini hueneza kichocho, na maji yaliyotulia yenye majani ndiyo ya kuepukwa. Kuogelea ni somo jingine ambalo wakazi wengi wa pwani na maziwa hawafundishwi, hasa wasichana. Huko Nungwi, Zanzibar, Mradi wa Panje umekuwa ukiwafundisha wasichana kuogelea na kuokoa wengine wakiwa wamevaa mavazi yanayowasitiri, na umeonesha kwamba kizuizi hakikuwa dini wala maji, ila kukosa mwalimu anayeaminika na vazi linalofaa.

Kwa watoto wasio na kijiji cha kwenda, mji nao una hazina. Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, Kijiji cha Makumbusho, Ngome ya Yesu Mombasa iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593, magofu ya Gede na ya Kaole: kote huko mwenyeji hulipa pungufu sana kuliko mgeni. Ziara za shule huharakishwa, watoto mia wakipita mbele ya fuvu moja kwa dakika kumi. Familia inayokwenda na watoto wawili tu, ikawaacha wasimame wanapotaka, hupata mengi zaidi. Na zipo sikukuu. Mkono wa Idi, zile fedha ndogo anazopewa mtoto akipita kwa ndugu, humfanya aende kwenye viwanja vya sikukuu akiwa na bajeti yake mwenyewe kwa mara ya kwanza: bembea au urojo, puto au akiba. Wazazi wanaomnyang'anya fedha hizo ili "wamtunzie" wanamkosesha zoezi zuri la hesabu.

Kujitolea ndilo jambo ambalo wengi hulifikiria mwisho, au hulipuuza kwa kudhani ni la Wazungu. Mtoto wa Afrika Mashariki amekuwa akishiriki msaragambo na kubeba kuni za msibani tangu zamani. Kilicho kipya ni kupanga shughuli hizo ili mtoto ajifunze jambo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 daktari David Morley na wenzake walianzisha London mpango wa Mtoto kwa Mtoto, wakiwa wameona ukweli ambao kila kijiji kinaujua: mtoto mdogo hulelewa kwa saa nyingi na dada au kaka yake wa miaka tisa au kumi. Basi huyo ndiye afundishwe dalili za kuishiwa maji mwilini, na namna ya kuchanganya lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa mwenye kuharisha. Mpango huo ulienea katika nchi nyingi kwa sababu haukumbuni mlezi mpya. Ulimwelimisha aliyekuwa akifanya kazi hiyo tayari.

Mfano wa pili ulizaliwa Dar es Salaam. Mwaka 1991 wanafunzi 12 walikutana kibarazani kwa Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, wakiwa na manung'uniko yao kuhusu uvuvi wa baruti, ujangili na uchafu. Hakuwapangia kazi. Aliwauliza wanataka kufanya nini. Kutoka hapo likatoka vuguvugu la Roots & Shoots, lililosambaa katika nchi nyingi na ambalo Goodall aliendelea kulitumikia hadi kifo chake Oktoba 2025. Kanuni yake ya awali imebaki: watoto huitazama jamii yao, huchagua wenyewe tatizo moja la watu, la wanyama au la mazingira, kisha hulifanyia kazi.

Kuna njia nyingine zilizo karibu zaidi na nyumbani. Parokia nyingi za Tanzania na Kenya zina kundi la Utoto Mtakatifu, lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843 kwa wazo la watoto kuwasaidia watoto wenzao. Skauti wapo, na Kenya ina sababu ya pekee ya kuwakumbuka, maana Baden-Powell amezikwa Nyeri. Mtaala mpya wa Kenya umeweka huduma kwa jamii ndani ya masomo yenyewe. Hatua hiyo ni njema ikiwa itabaki na uhai. Inapogeuka kuwa karatasi ya kusainiwa na mzazi, huku mzazi ndiye aliyefanya kazi usiku, mtoto hujifunza kughushi.

Mpaka kati ya kujitolea na kutumikishwa lazima usemwe waziwazi. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa. Kumpeleka msichana wa miaka kumi na mmoja mjini "akamsaidie shangazi", akaishia kufua na kulea kutwa nzima bila kucheza wala kusoma, ni ajira ya mtoto hata ikiitwa undugu. Kipimo ni rahisi: je, mtoto anaweza kuacha akichoka, na je, ana saa zake mwenyewe?

Saa hizo ndizo pia chanzo cha afya yake. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za shughuli za kutoa jasho kila siku. Takwimu zake zilizochapishwa mwaka 2019 zilionesha kuwa asilimia 81 ya wenye miaka 11 hadi 17 duniani hawafikii kiwango hicho, wavulana asilimia 78 na wasichana asilimia 85. Pengo hilo la wasichana linaonekana katika kila mtaa wa Uswahilini. Hadi miaka tisa wanacheza rede, kombolela na kuruka kamba sawa na kaka zao. Wakifika kumi na mmoja wanaitwa ndani, jikoni, na kaka zao wanaendelea na chandimu hadi magharibi. Mzazi anayetaka binti mwenye afya anaweza kuanzia hapo: vyombo vioshwe na wote, kisha wote watoke.

Mengine ni machache na yanajulikana. Wataalamu wa usingizi wa Marekani wanapendekeza saa 9 hadi 12 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12, na simu kitandani ndiyo mwizi wake mkubwa. Chupa ya soda ya mililita 350 huwa na takriban gramu 35 za sukari, zaidi ya vijiko saba vya chai, na katika likizo ya sherehe mfululizo mtoto anaweza kunywa tatu kwa siku bila mtu kuhesabu. Desemba pwani ni msimu wa maembe. Yapo kila kona na bei yake imeshuka. Mtoto anayetengeneza mwenyewe kibuyu chirizi karibu na choo, kwa dumu, kamba na kijiti cha kukanyaga, ananawa mikono mara nyingi kuliko anayeamrishwa, na wadogo zake wanamfuata kwa sababu ni mchezo.

Katika yote haya, hatua moja ya gharama ndogo ingeweza kuanza likizo ijayo. Shule nyingi za msingi zina vitabu vya ziada, na shule zikifungwa vitabu hivyo hufungiwa stoo au kabatini ofisini kwa mwalimu mkuu, visije vikapotea, katika majuma ambayo mtoto ana muda mrefu zaidi wa kuvisoma. Viazimishwe. Siku ya kufunga shule kila mtoto wa darasa la tatu hadi la saba apite mezani, achague mwenyewe viwili au vitatu, na daftari la kuazima lishikwe na watoto wawili wa darasa la sita waliojitolea, ambao pia watafungua darasa moja kila Jumamosi ili wenzao wabadilishane, akiwepo mwalimu wa zamu au mzazi mmoja. Baadhi ya vitabu vitapotea na vingine vitarudi na madoa ya mafuta ya kupikia, kwa hiyo kamati ya shule iiweke hasara hiyo katika bajeti tangu Januari na kuagiza nakala za ziada za vile vitakavyorudi vimechanika zaidi, maana ndivyo watoto walivyovipenda.